Nahodha Asiyengoja Upepo: Uhakiki wa Final Fantasy V Pixel Remaster

Final Fantasy V, mchezo wa video kutoka Japani, huanza na balaa ambalo msomaji aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa mara mbili: upepo umekoma. Shwari hii haifanani na ile ya siku mbili tatu inayowafanya mabaharia wajilaze kivulini mwa tanga wakisubiri matlai ya alfajiri. Hapa upepo wa dunia nzima umezimika kwa sababu fuwele inayouendesha imedhoofika, na vyombo vyote vimekwama bandarini isipokuwa kimoja. Ndani ya pango lililofichika kuna genge la maharamia ambao jahazi lao hutoka na kurudi kana kwamba hakuna lililotokea, na mashujaa wetu wanapojipenyeza humo ili wajue siri yake, wanakuta kwamba jahazi hilo halitegemei tanga hata kidogo. Linavutwa na joka la baharini.

Joka hilo linaitwa Syldra na nahodha wa genge anaitwa Faris, na hao wawili ndio walionifanya niununue mchezo huu, niumalize, kisha niuanze upya. Toleo ninalolihakiki ni lile la Pixel Remaster, yaani mchezo ule wa zamani uliochorwa upya, ambalo kampuni ya Square Enix ililitoa kwa kompyuta na simu tarehe 10 Novemba 2021, kisha kwa Switch na PlayStation 4 mwezi Aprili 2023, na kwa Xbox mwezi Septemba 2024. Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi, kwani ulitoka Japani mwezi Desemba 1992 kwa mashine ya Super Famicom, ukiongozwa na Hironobu Sakaguchi na kutiwa muziki na Nobuo Uematsu. Kwenye duka la mtandaoni la Steam huuzwa dola 17.99 nje ya msimu wa punguzo. Mara ya kwanza niliucheza kwenye kompyuta, mara ya pili kwenye Switch ya mpwa wangu, na tofauti za matoleo hayo mawili nitazieleza baadaye. Kwa kuwa hadithi hii ina zaidi ya miaka 30, sitaficha yanayompata Faris wala joka lake. Anayetaka kuyakuta mwenyewe na aishie hapa.

Namna Faris anavyoingizwa katika hadithi inaonyesha ufundi mkubwa kwa maneno machache. Bartz, msafiri asiye na kwao anayezunguka na ndege wake mkubwa wa kupanda, amekutana na Lenna, binti wa mfalme wa Tycoon, na Galuf, mzee aliyepoteza kumbukumbu, na wote watatu wanataka kufika kwenye hekalu la upepo. Hawana chombo, basi wanapata wazo la kipuuzi kuliko yote: kuwaibia wezi. Wananaswa papo hapo. Faris anawacheka, na anapotambua kwamba mmoja wa mateka ni binti mfalme, hesabu yake ya kwanza ni ya fidia atakayoipata. Kisha jicho lake linatua kwenye kidani shingoni mwa Lenna, kidani kinachofanana kabisa na alichonacho yeye mwenyewe. Asubuhi yake anaamuru wafunguliwe na anawaambia watasafiri pamoja, bila kueleza kwa nini. Hapo hapo mchezaji ameshamwelewa: mtu wa mzaha na upanga, mwepesi wa kuamua, ambaye moyoni amebeba jambo asilolijua mwenyewe.

Naomba nichepuke kidogo. Faris amelelewa na maharamia kama mwanamume, anajitambulisha hivyo, na genge zima linamwita mkubwa wao bila swali. Katika Kijapani siri hiyo inalindwa na maneno anayojitaja nayo, yaani usemi wa kiume, na wafasiri wa Kiingereza kila mara wamelazimika kuchagua kiwakilishi na hivyo kumdanganya msomaji waziwazi. Nilipokuwa nikimsimulia mpwa wangu hadithi hii kwa Kiswahili niligundua kwamba sihitaji hila yoyote. Nilisema "amewakamata", "akakiona kidani", "yeye ndiye nahodha", na siri ikakaa salama mpaka mahali pake. Ni nadra sana mchezo wa kigeni kukaa vizuri zaidi katika lugha yetu, ambayo haimo kwenye orodha ya lugha zake, kuliko katika zile ulizotafsiriwa.

Nikiwa kwenye suala la tafsiri, mchezo huu haukupata toleo rasmi la Kiingereza mpaka mwaka 1999, ulipotoka Marekani kwa PlayStation, na tafsiri ile imebaki kuwa kichekesho hadi leo. Faris alipewa lafudhi nzito ya kiharamia iliyomfuata kila mahali, hata katika matukio ya majonzi, na majoka madogo yenye mabawa yaliandikwa "Y Burn" badala ya jina lao, Wyvern, kwa sababu mfasiri alilisikiliza neno la Kijapani kwa sikio tu. Toleo la sasa linafuata tafsiri iliyotengenezwa baadaye kwa konsoli ya mkononi ya Game Boy Advance, ambayo ina utani wa kutosha, na ndani yake Faris hasemi kama mlevi wa baa. Ana ucheshi wa baharia, ana ukali anapoudhiwa, na anajua kunyamaza.

Ukimya huo unahitajika mapema. Baada ya fuwele ya upepo kuvunjika, kikosi kinapita kwenye mfereji wa Torna, na humo mnyama wa majini aitwaye Karlabos analikamata Syldra. Mchezaji anapigana na kushinda, lakini ushindi hausaidii, kwa sababu joka limeshajeruhiwa na mkondo unalizamisha. Faris anataka kujitosa alifuate na wenzake wanamzuia. Tukio zima ni picha ndogo za pikseli zisizo na uso wa kulia, sauti ya joka ikiita kutoka majini, na mtu mmoja ukingoni mwa jahazi. Hatujalisikia joka likisema neno lolote, wala hatujaambiwa mengi zaidi ya kwamba Faris amekua pamoja nalo, na bado tukio hili linagusa kuliko vifo vingi vya michezo mipya yenye waigizaji na kamera za sinema. Nadhani sababu ni ya kimatendo. Kwa saa moja au mbili mchezaji amekuwa akisafiri kwa nguvu za joka lile, ameliona kichwa chake omo kila alipogeuza chombo, na sasa jahazi linaelea bila mwelekeo. Kilichompotea Faris kimempotea na mchezaji vilevile.

Jahazi hilo lisilo na wa kulivuta linachukuliwa na maji hadi kwenye makaburi ya merikebu, mahali penye mifupa na vyombo vilivyooza, na humo siri ya Faris inafichuka kwa namna ya kuchekesha: wote wamelowa, wanatafuta pa kukausha nguo, na yeye peke yake anakataa kuvua. Bartz na Galuf wanabaki wameduwaa. Ninachokipenda ni kwamba mchezo haumbadilishi baada ya hapo. Anasema alilelewa na maharamia na isingekuwa salama kujulikana, kisha anaendelea kuwa nahodha yule yule, akisema vile vile na kupigana vile vile. Kwa mchezo wa mwaka 1992, hilo ni la kupongezwa.

Syldra linarudi mara moja zaidi likiwa hai. Mnara wa Walse unapozama baada ya fuwele ya pili kuvunjika, na kikosi kinakaribia kufa maji, joka linawaokoa kwa pumzi zake za mwisho, kisha linazama moja kwa moja. Hapo ndipo ninapoanza kuulaumu mchezo. Muda mwingi unaofuata, haramia wetu hana jahazi wala joka. Anapanda meli ya mashine, anapanda chombo cha angani, anapanda chochote kilichopo, na waandishi wanampa mistari michache michache huku hadithi ikimhamia Galuf, kisha mjukuu wake Krile, na adui mkuu Exdeath, ambaye kwa maoni yangu ni mbaya wa kawaida anayecheka sana na kusema machache ya kukumbukwa. Kwamba Faris na Lenna ni ndugu wa tumbo moja, binti wawili wa mfalme wa Tycoon, ni jambo ambalo mchezaji makini amelijua tangu usiku wa kidani, lakini mchezo unalikokota mno kabla ya kulisema.

Hata hivyo sehemu ya tatu inalipa deni, na inalilipa vizuri. Dunia mbili za hadithi zinapoungana, Faris anarudishwa kwenye kasri la Tycoon, anavalishwa gauni, na watumishi wanamwita kwa jina lake la kuzaliwa, Sarisa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya Faris haikuwa kasri. Baadaye tunamkuta amerudi pangoni kwa maharamia wake, gauni halipo, na humo ndani sauti ya Syldra inamwita. Joka limekufa, lakini linajitoa kwake kama kiumbe anayeweza kuitwa vitani, na shambulio lake ni la upepo. Mchezo haulitangazi jambo hilo wala mhusika yeyote halizungumzii; mchezaji analiona kwa kutazama ni maadui gani wanaoumia. Kiumbe aliyekuwa upepo wa jahazi moja wakati dunia haina upepo, sasa ndiye upepo wenyewe.

Lenna naye ana joka, na si kwa bahati. Mapema katika hadithi anapita katikati ya maua yenye sumu, kwenye mlima wa kaskazini, ili alifikie joka la angani la baba yake lililojeruhiwa, na kuelekea mwisho, kwenye kilele cha mnara ulioko jangwani, joka hilo linajitoa mhanga na kuzaliwa upya kama Phoenix, ndege wa moto. Dada mmoja ana joka la bahari, mwingine ana joka la anga, na wote wawili wanayapoteza na kuyapata tena katika umbo la mwito. Mara ya kwanza sikuuona ulinganifu huu kabisa, kwa sababu matukio hayo mawili ni ya hiari na mtu anaweza kumshinda adui wa mwisho bila kuyagusa. Namshauri kila mnunuzi asiharakie mwisho, atembee.

Sasa tuje kwenye upanga. Ajabu ni kwamba mchezo huu wenye haramia mashuhuri hauna kazi ya uharamia; kazi hapa ni fani ya mapigano anayopewa mhusika. Kuna kazi 22, zinazopatikana hatua kwa hatua kadiri fuwele zinavyovunjika, na kila mhusika anaweza kufanya yoyote kati yake, akijikusanyia pointi za ujuzi na kuhamisha mbinu ya kazi moja kwenda nyingine. Mashabiki wengi husifu mfumo huu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchezo, nami naungana nao. Faris mwenyewe anaufaa sana, kwa sababu tarakimu zake zimesawazishwa: hampiti Bartz kwa nguvu wala Lenna kwa uchawi, lakini hakuna kazi inayomshinda. Haramia, basi, inabidi umjenge kwa mkono wako.

Wangu nilimjenga hivi. Nilianza naye kama Mwizi, kwa sababu ya kisa chenyewe na kwa sababu ya faida, maana katika mchezo huu vitu vizuri huibwa. Gilgamesh, mpiga upanga mwenye majigambo anayetokea tena na tena akiwa upande wa adui, na ambaye kwa kweli ni mhusika wa kuchekesha kuliko wote, huvaa mavazi ya vita ya Genji, na mwenye subira anaweza kumvua kipande kwa kipande kwa wizi tu. Kisha nilimpeleka kwenye kazi ya Ninja ili ajue kushika panga mbili, kwenye kazi ya mpiganaji anayetia uchawi kwenye makali ya upanga, na mwisho kwenye kazi ya mpiga mishale, ambayo mbinu yake ya juu kabisa hupiga mara nne kwa zamu moja. Baada ya hapo nilimrudisha kuwa mtu huru asiye na kazi, hali ambayo hurithi nguvu za kazi zote alizozikamilisha. Panga mbili kwa mapigo manne ni mapigo manane, na kila moja limetiwa uchawi. Kumwona Faris akimaliza adui kwa mtindo huo, bila cheo, akiwa amevaa zile zile nguo zake za baharini, ndipo nilipohisi kwamba mchezo umempa haki yake kama mpiga upanga.

Hesabu hiyo yote huulizwa mtihani na joka la tatu, nalo halina urafiki na mtu. Kwenye pango la mwisho kuna sanduku la hazina lisilo tofauti na mengine, na anayelifungua bila habari anakutana na Shinryu, joka lenye pointi 55,500 za uhai, ambalo hufungua pambano kwa wimbi kubwa la maji na kukifagia kikosi kizima kabla mchezaji hajatoa amri. Mimi nilifutwa kwa sekunde chache, nikacheka, nikarudi nyuma. Dawa yake ni kuvaa pete za matumbawe, ambazo hugeuza maji kuwa tiba, pamoja na mikuki ya joka ambayo huwaumiza viumbe wa jinsi hiyo kupita kiasi. Zawadi ni upanga uitwao Ragnarok. Pambano lenyewe ni la haki: halishindwi kwa kupandisha viwango usiku na mchana, hushindwa na mtu aliyekaa na kalamu akapanga. Kwamba mchezo unaoanza na joka linalovuta jahazi unamalizia na joka linalotumia bahari kama silaha, huenda ni sadfa, lakini mimi nilimpa Faris mkuki mmojawapo kwa makusudi.

Kuhusu ubora wa toleo hili, sifa zake zinatazamika mara moja. Picha za wahusika zimechorwa upya chini ya usimamizi wa Kazuko Shibuya, msanii wa picha za pikseli wa mfululizo huu tangu mwanzo, na zimehifadhi sura ya zamani bila ukungu uliokuwa kwenye toleo la simu lililotangulia. Muziki umepangwa upya chini ya jicho la Uematsu, na wimbo wa maharamia wenye mdundo wa makasia unasikika vizuri hivi kwamba nilikuwa nikibaki baharini bila safari. Kuna uhifadhi wa haraka wa mahali popote, jambo ambalo mtu anayeishi mtaa wa umeme wa kukatikakatika atalithamini kuliko picha.

Dosari zipo. Toleo la kompyuta lilipotoka lilikuwa na herufi nyembamba zisizopendeza, na lawama hizo ndizo zilizofanya matoleo ya konsoli ya 2023 yaje na uchaguzi wa herufi za mtindo wa zamani. Matoleo hayo pia yanaruhusu kubadili kati ya muziki mpya na wa awali, kuzima mapambano ya ghafla, na kuongeza pointi za uzoefu na za ujuzi hadi mara nne. Msaada huu wa mwisho uutumie kwa uangalifu: kwa mtu mwenye muda mchache ni neema, lakini pointi za ujuzi zikimiminika mno, ile raha ya kumjenga mpiga upanga kazi baada ya kazi huyeyuka, na hiyo ndiyo nusu ya thamani ya mchezo.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu kilichoachwa nje. Toleo la Game Boy Advance liliongeza kazi nne, hekalu zima la mapambano ya baada ya mwisho, adui aitwaye Enuo, na umbo kali zaidi la Shinryu. Nyongeza hizo zilibaki kwenye matoleo ya simu na kompyuta yaliyofuata, lakini hazimo katika Pixel Remaster, na matoleo hayo ya awali yaliondolewa sokoni mwaka 2021 ili kulipa hili nafasi. Watengenezaji wanaeleza kwamba walikusudia kurudi kwenye mchezo wa asili, na mimi nawaelewa, ila mnunuzi wa leo hana njia rahisi ya kuchagua. Kazi mojawapo iliyokatwa, ile ya mpiga upanga wa ulingoni, ingemkaa Faris kama kofia yake.

Kwa dola 17.99 nauona mchezo huu kuwa wa bei ya haki, na kwa dola kumi wakati wa punguzo ni wa kununua bila kufikiri. Anayetaka hadithi nzito yenye adui wa kutisha atafute kwingine katika mfululizo huu, maana hapa atachekeshwa zaidi ya atakavyotishwa. Na atakayeanza, akifika kwenye mfereji wa Torna asiingie haraka; azunguke kwanza na jahazi, apite kila pwani inayofikika, kwa sababu akishauvuka ule mlango wa maji hatavutwa tena na Syldra mpaka mwisho wa mchezo.